Jibu Kabla ya Swali

Kazi yangu ni kuunga nyuzi za kioo
pale Nyali, waya unapopanda kutoka baharini.
Uzi mwembamba kama unywele, na ndani yake nuru
imebeba salamu, madeni, matusi ya watu.

Bishara, mwenzangu wa zamu, huniambia:
ndani ya maji nuru huchechemea,
chembe ndogo yaweza kuipita,
na ikiipita huacha mng'ao wa buluu.
"Lakini penye utupu, Msellem, hapana.
Pale nuru haina wa kuipiku."

Na akitokea?

Akaweka koleo chini.
"Basi jibu litabisha hodi kabla ya swali.
Kikombe kitavunjika, ndipo kiponyoke mkononi."

Nikanyamaza.
Saa nne na dakika tisa, mwezi wa Rajabu,
simu ya dada ilinikuta papa hapa:
mama ameteleza kwenye ngazi za Kibokoni,
zile zile alizozipiga deki miaka arobaini.
Laiti sauti ile ingekimbia zaidi,
ikanifikia saa tatu,
ningempigia: Mama, keti papo hapo, usishuke.

Asingeshuka. Asingeanguka.
Na dada angekuwa na habari gani ya kunipigia?

Hapo ndipo penye fundo. Nimelivuta
kwa meno usiku kucha, halifunguki.

Alfajiri nikakata uzi mpya, nikaufuta kwa spiriti,
nikaunga. Taa ya kijani ikawaka.
"Imepita," akasema Bishara.
Naam, nikamjibu. Imepita.