Kabati la Mama Mkwe

Kabati liligoma kupita mlangoni
mwaka ule tulipooana,
likalala gerejini hapa Zgierz miaka kumi na mmoja,
limekunja mikono, limenuna,
la mwaloni, zito kama deni.
"Litawafaa," alisema mama mkwe, Salomea,
asiseme kwa nini, wala lini.

Aprili hii nikaligeuza chali.
Milango miwili ikawa paa,
droo nne zikawa viota vya kutagia,
na fimbo ya kutundikia makoti
nikaipiga randa upande wa juu,
ili usiku wa barafu vidole vikae bapa
chini ya manyoya. Ikawa kichanja.
Ndani lilinuka dawa ya nondo;
nikalisugua kwa siki mara tatu.

Bwana Ludomir, jirani, dereva mstaafu wa tramu,
akaegemeza viwiko juu ya ua
kama abiria aliyewahi kituoni.
"Wavu huo," akasema, "humzuia kuku kutoka.
Kicheche haumzuii kuingia."
Nikaubandua. Nikaenda mjini.
Nikarudi na waya mzito,
matundu ya kupita kidole cha mtoto, basi,
nikaufukia hadi magotini.
"Na hewa?"
Nikatoboa chini ya paa.
"Na komeo? Mbweha ana mikono, dada,
ila hajapewa vidole."
Nikatia makomeo mawili.
Nikamuuliza, je, yeye amewahi kufuga?
"Mimi? Hata siku moja. Ila nimeendesha tramu ya alfajiri
miaka thelathini. Nimewaona wezi
wakirudi nyumbani."

Jumamosi tukawaleta sita
kutoka shamba la vizimba, waliochoka kutaga,
zloti chache kila mmoja, ndani ya boksi la ndizi.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husemwa;
hawa walikuja bila kamba,
bila hata manyoya ya shingo,
undu umepauka kama mdomo wa mgonjwa.
Tulipowatua majanini
walinyanyua mguu, wakautazama,
wakaurudisha.
Kuparura hawakujua.
Kalina wangu, miaka saba, akachuchumaa,
akaparura kwa kucha zake, akaibua nyungunyungu:
"Hivi. Tazameni. Hivi."
Sita wakamtazama.
Mmoja, tuliyemwita Kasisi kwa sababu ya upara,
akasogea hatua moja, akafikiri,
akasogea tena.

Usiku hawakupanda.
Walijirundika pembeni juu ya maranda,
lundo moja la pumzi.
Nikatoka na tochi,
gauni la kulalia, buti za mume wangu,
nikamnyanyua mmoja mmoja
(joto jepesi, mifupa, moyo unaokimbia)
nikampandisha kwenye fimbo.
Nilipomweka wa sita, wa kwanza alikuwa keshashuka.
Usiku wa pili vivyo hivyo.
Usiku wa tano, na mvua.

Jumapili akaja Salomea na kofia yake ya kanisani.
Alilitambua kabati kabla sijafumbua kinywa.
Akavuta droo ya juu. Nikangoja radi.
Akatia mkono kwenye maranda,
akaupitisha kona hadi kona
kama anayetafuta alichokisahau.
"Hii," akasema, "ilikuwa ya soksi."
Akairudisha polepole, akaomba chai.

Leo nimetoka tena, mikono tayari.
Taa ya Bwana Ludomir ingali inawaka.
Komeo la kwanza. Komeo la pili.
Sita, juu, bega kwa bega,
Kasisi katikati,
shingo yake tupu chini ya bawa la mwenzake.
Nikapapasa droo zote: yai hakuna.
Nikasimama pale na mikono yangu,
nisijue niiweke wapi.