Kifungo

Miaka tisa nililala chini ya ule mkwaruzo.
Kra, kra. Kimya. Kra.
Nilimwambia Ireneusz, msimamizi wa jengo,
kwamba mabomba ya ghorofa ya nne yanazeeka.
Akaandika kwenye daftari lake,
na daftari nalo likazeeka.

Kimya kingi kina mshindo.
Mshindo niliusikia.
Nikauita bomba.

Februari, jiji la Łódź liko chini ya theluji yenye masizi,
gari la wagonjwa likamchukua Bi Zenobia,
aliyeshona mashati kiwandani tangu usichana wake
mpaka kiwanda kikageuzwa maduka ya viatu.
Ufunguo alinipa mimi.
"Mwagilia maua," alisema, barakoa ya hewa usoni,
"na Guzik..."
Milango ya gari ikafungwa.

Guzik, kwa lugha ya mtaa wetu, ni kifungo:
kile kidogo, cha mviringo, cha kuzibia shati.
Nilitafuta paka. Nilitafuta ndege.
Nikawasha taa ya bafuni.

Alikuwa ndani ya hodhi.
Kobe wa nyika, wa kule mchanga na upepo wa Kazakistani,
amesimama kwenye maji ya vidole viwili yaliyopoa,
gome limefura vilima vilima
kama mkate uliozidishwa hamira,
na ukilibonyeza linabonyea
(nililibonyeza, anisamehe),
kucha zimejikunja kama maganda ya viazi,
mdomo umerefuka, ukapinda,
hata chakula kilimtazama, naye akakitazama.
Kabichi. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa.
Jikoni, juu ya sahani ya Bi Zenobia,
nilikuta kabichi. Na mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

Ukutani mwa hodhi, kimo cha kiganja,
rangi nyeupe imekwanguliwa hadi chuma,
mstari mmoja, kuzunguka pande zote nne.
Bandu bandu huisha gogo.
Chuma si gogo.

Dobrochna alikuja jioni na kreti ya tufaha iliyojaa nyasi kavu.
Zamani aliendesha tramu; siku hizi ana kobe arobaini na mmoja
katika banda la kioo nyuma ya nyumba yake, huko Zgierz.
Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.
Alimpima kwenye mizani ya unga,
akamviringisha taulo, akatoa tupa ndogo,
akaanza kuupunguza mdomo: kidogo, pumzi, kidogo,
huku akimnong'oneza vituo vya tramu namba kumi na moja,
kimoja baada ya kingine, bila kuruka.
"Kobe halii," alisema, macho kwenye kazi.
"Ndiyo balaa lake. Mbwa angelia siku ya kwanza."

Alilia, nilitaka kusema.
Kwa kucha.
Nikasema tu kwamba chai iko tayari.

Taa ya zambarau. Unga wa kalisi. Maji ya vuguvugu kila asubuhi.
Mwezi Mei nilimsukuma Bi Zenobia kwenye kiti cha magurudumu
hadi uani kwa Dobrochna,
na Guzik akawekwa kwenye nyasi.

Tulitarajia nini? Kwamba atatimua mbio?
Alificha kichwa saa nzima.
Kisha akaenda hatua sita, akageuka,
hatua sita, akageuka:
urefu wa hodhi, mahali pasipo hodhi.
Bi Zenobia alilia kwa sauti ya mtu anayekohoa.
"Nilimwosha kila Jumamosi," alisema. "Kila Jumamosi."

Nilichuma ua la njano,
lile liotalo katika nyufa za lami, tunalolikanyaga sote,
nikaliweka penye hatua ya saba.

Hakulifikia siku ile, wala wiki ile.
Juni, usiku, Dobrochna alipiga simu.
"Saba," akasema, akakata.

Sasa dari yangu haina sauti
na mimi sina usingizi.
Kifungo kimetoka, shati liko wazi,
na baridi yote ya miaka tisa
inaniingia kifuani.