Diwani ya Skelbeck

Lugha yangu ina neno moja kwa mambo mawili:
diwani ni mtu aliyepigiwa kura,
diwani ni kitabu cha mashairi.
Jumatatu ya pili ya Novemba, saa moja jioni,
nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi wa Skelbeck,
mji mdogo uliobanwa na vilima vya Lancashire,
nikaifungua diwani yao na kuzihesabu kurasa:
kumi na mbili kwa mujibu wa sheria,
mmoja mtupu, kwani hakuna aliyeugombea,
mmoja uko kitandani na mafua.
Kumi zilizobaki zilikuwa zikinywa chai.

Hawakunishangaa. Mwaka jana nilikuja na shimo,
shimo la Mtaa wa Tenter, linalomeza gurudumu
la kiti cha mgonjwa.
Karani Tarrant alinisikiliza hadi mwisho,
akanijibu kwa upole wa mtu aliyezoea kukataa:
shimo ni la kaunti.
Na taa iliyozimika juu ya shimo?
Kaunti vilevile.
Na pipa la taka lililosukumwa na upepo likatumbukia humo?
Hapo akavua miwani. Pipa ni la wilaya.
"Nanyi mna nini?"
Akahesabu, kidole baada ya kidole:
mabenchi sita, ubao wa matangazo,
saa ya mnara (mvua ikinyesha hukosea),
vibanda viwili vya basi, mabasi hayamo,
taa za Krismasi, vijishamba vya kukodisha,
na makaburi.
Nilicheka siku ile. Nilicheka njia nzima.

Sasa nimekuja kwa makaburi.

Meya, Bi Outhwaite, muuza nyuzi za kufumia,
shingoni mkufu wa cheo unaomwelemea,
akanipa dakika tatu, ndiyo haki ya mwananchi.
Nikasimama. Nikasema: mume wangu Shali
ametengeneza breki za mabasi yenu
miaka ishirini na minne.
Daktari anasema labda atauona mwezi wa tatu.
Sisi maiti humlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla.
Safu zenu zinatazama mashariki.
Naomba kaburi moja ligeuzwe.
Nikabakiwa na dakika moja na nusu,
sikujua niifanyie nini. Nikakaa.

Diwani Lumb akainuka. Si mtu mbaya;
ndiye aliyeniletea supu Shali alipolazwa.
Alisema mashine ya kukatia nyasi hupita moja kwa moja,
kaburi likikaa mshazari itakwama.
Diwani Pickersgill, mfugaji wa nguruwe
(nikamwomba Mungu anisamehe kwa kumpenda),
akasema: basi tununue mashine inayojua kukata kona.

Mikono ikainuka. Mitano.
Mikono ikainuka. Mitano.

Meya alikuwa keshapiga kura, upande wa Lumb,
na sheria, palipo na sare, humpa ya pili.
Desturi, karani alinong'ona, ni kuacha mambo yalivyo.
Bi Outhwaite akaugusa mkufu.
"Nyuzi ngapi, Desmond?"
Kwa lugha yangu lilikuwa swali la dukani kwake,
nikakaribia kucheka tena, nikajiziba mdomo.
Karani aliizungusha simu juu ya meza
kama mtu atafutaye mawimbi ya redio.
"Sitini, takriban."
"Nilidhani tunaombwa kuugeuza mji,"
alisema meya,
na kura yake ya pili ikaipinga ya kwanza.

Ajenda namba tisa: rangi ya mabenchi.
Walibishana dakika arobaini.

Nilirudi kwa Mtaa wa Tenter, gizani,
nikalikwepa shimo kwa kumbukumbu.
Shali alikuwa amelala kiubavu, uso dirishani.
Nilisimama mlangoni na koti langu lililolowa,
nikampima kwa macho:
bado kidogo,
kulia kidogo.