Madaftari Matatu

Shule ya msingi, Labasa. Saa moja asubuhi
tumeshasukuma madawati ukutani
na ubaoni bado ipo hesabu ya darasa la nne:
tani moja ya miwa ikiuzwa kwa bei hii,
je, tani kumi na saba?
Hakuna aliyeifuta. Hakuna aliyeijibu.

Mezani kwangu pana madaftari matatu.
La kwanza, Wafiji. La pili, Wahindi.
La tatu jina lake ni Wengineo:
Mchina mwenye duka, mzungu wa kiwandani,
machotara, mpiga kinanda wa kanisa aliyetoka kisiwa kingine.
Masanduku nayo matatu, kila moja na kufuli lake,
kura zisije zikalala kitanda kimoja.

Bendera tulibadilisha. Wimbo tulibadilisha.
Meza hii tuliachiwa,
na miguu yake haijalegea hata mmoja.

Baba yangu, Ramdhari, alikuwa mtu wa chama,
chama cha wakata miwa, kadi nyekundu mfukoni mwa shati
hata siku ya kwenda kuoga mtoni.
Usiku wa mgomo alipanda juu ya behewa la miwa
akanguruma hadi popo wakahama mifenesi:
"Njaa haina rangi! Panga halina kabila!
Mwenye kiwanda akikupunja
haulizi babu yako alishuka kwenye meli gani!"
Wafiji na Wahindi wakabebana mabegani.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliamini.
Bado naamini, hilo ndilo tatizo.

Vilikesa alikuwa kwenye genge lake,
mtu wa mkono wa kushoto, mwepesi wa panga.
Alikula kwetu, akaketi mkekani, akasifu chatini ya mama.
Baba alimwita ndugu
mpaka dada yangu Sukhraji alipomwita jina jingine.

Siku ile njaa ikapata rangi.
Siku ile panga likapata kabila;
nilitazama ukutani, halikuwapo.
Hakumkata mtu. Alikata migomba nyuma ya nyumba,
mmoja, na mwingine, na mwingine, hadi giza likamzuia,
na dada akavuka mto na nguo alizovaa.
Kesho yake baba alihutubia mkutano. Umoja.
Sauti haikumkwama.

Saa nne, foleni imefika barazani.
Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, sulu ya maua,
nywele za Vilikesa, pua ya marehemu mama yangu
hadi namna ya kuikunja akichoka kusubiri.
Jina? Salote Vilikesa.
Sheria naijua: mtoto hufuata daftari la baba.
Nafungua la kwanza. Yumo, mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Kidole, wino, karatasi.
Kisha anainama, na kwa Kihindi chetu cha mashambani
ananiambia neno moja tu:
Mama.

Ndivyo aitwavyo kwetu ndugu wa kiume wa mama.
Nimefika miaka arobaini na mbili,
hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

"Amesema nini?" anauliza msimamizi.
Anauliza sanduku lake ni lipi, nasema.
Nalinyoshea kidole. Langu ni lile la pembeni,
hatua nne kutoka lake. Nimezihesabu.

Usiku tunahesabu kwa taa ya karabai,
kila daftari na rundo lake,
mawakala wa vyama wametukodolea macho.
Katika rundo la kwanza nakuta karatasi moja
imekunjwa pembetatu, ncha imechomekwa ndani,
vile mama alivyotufungia njugu za kwenda nazo shule.
Huo mkunjo haufundishwi popote ila jikoni kwetu.

Naishika muda mrefu kuliko inavyostahili.
Ubaoni, nyuma ya kichwa cha msimamizi,
tani kumi na saba zinasubiri.

"Soma," anasema.
Nafungua. Nasoma.
Naiweka ilipoamriwa.