Taruma

Taruma la kwanza nililiiba Igombe,
kwenye mtumbwi wa marehemu Ng'wandu uliokuwa unaoza ufukweni,
mvule mweusi kwa lami na mafuta ya sangara.
Nilikuwa na kisu cha kuparia magamba
na homa ya kutaka kutoa kitu ndani ya kitu.
Nikatoa bata.
Watu wakaona kiatu.

Baadaye Nyakato, kwa Luhende fundi mageti,
nikajifunza moto.
Mchana nachomelea maua ya ukuta wa mwenye nyumba,
yote sawa, petali tano tano;
jioni naokota makombo:
springi za Fuso, mnyororo wa baiskeli,
rafadha iliyong'atwa na mwamba.
"Unatengeneza nini, wewe?"
"Sanamu."
"Inafungwa wapi?"

Mvule na chuma havikupatana.
Mvule huvimba masika, kiangazi hunywea;
chuma hakitaki habari hizo.
Mara tatu nimevibana kwa bolti,
mara tatu, usiku wa manane, nimesikia: ta!
Ubao umepasuka kifuani.
Luhende akacheka mpaka akakalia kreti ya soda.
"Umebana mno. Tundu liwe pana kuliko bolti.
Hata ndoa ni hivyo hivyo."
(Yeye mkewe alikwishaondoka, karudi Sengerema.)

Hoteli moja ya Capri Point iliagiza sangara
wa mita mbili, anayetabasamu.
Nikamtia tabasamu. Nikala hela yao.
Njia ile siku hizi siipiti.

Mwaka huu nimemfanya mama.
Mgongo ni taruma zima, sikuligusa kwa patasi,
lilikuja limeshapinda vile.
Mikono ni nondo, vidole spoki.
Begani nimeacha tundu pana,
na ziwa likipumua anatikisika kidogo,
kama mgeni anayekataa kiti.

Nilimwita aje aone.
Alitoka kuanua dagaa, mvua imemuwahi,
kanga zimemganda mwilini.
Akaizunguka. Akagonga ule mgongo kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza.
"Huu mtumbwi wa Ng'wandu."
Sikujibu.
Akavua kanga ya juu, akaikamua,
akaitundika kwenye mkono wa chuma,
akaniuliza kama nimekula.