Kichwa Chini

Hati hii sikufundishwa shuleni.
Nilifundishwa na daftari la mapishi
la bibi yangu Ottilie, kule Pomerode, kusini mwa Brazili,
kurasa zake zimeiva kwa madoa ya siagi.
M niliijua kwa unga, waliouita Mehl,
Z kwa sukari,
na ile h yenye kitanzi juu na kitanzi chini
kama uzi uliorudi mara mbili tunduni mwa kifungo.
Miaka arobaini nimeshona nguo za maharusi. Uzi naujua.
Nikavuka bahari, daftari mkobani, bila hofu.

Chumba cha kusomea, Greifswald, mvua dirishani.
Bwana Tjarks, mtunza nyaraka, mtu wa maneno haba,
akaniwekea mto, juu ya mto kitabu,
juu ya kitabu kidole: "Wino hapana. Penseli tu."
Ubatizo, parokia ya Rahnow, 1841 hadi 1868.

Ndipo nikajua kusoma keki si kusoma watu.
n ni vilima viwili,
e nayo vilima viwili, vimebanana tu kwa baridi,
u ni n iliyovaa kofia,
na kasisi huyu, mwenye haraka zake,
kila mara huisahau kofia nyumbani.
Asubuhi nzima mtoto mmoja nilimwita Sufanne
hadi Bwana Tjarks aliponipita mgongoni
akanong'ona, bila kusimama: "Susanne."

Nilikuwa namtafuta baba yake Ottilie,
Leberecht Piepkorn, aliyeshuka melini na sanduku moja.
Alizaliwa Rahnow, alisema, mwezi wa viazi, mwaka hamsini na tisa.
Akiulizwa zaidi alitoka nje kuwatazama ng'ombe.

Mwaka hamsini na tisa nikaupekua.
Binti wa mhunzi. Mwana wa mchungaji wa kondoo.
Pacha wa seremala, kila mmoja na msalaba pambizoni,
tarehe ya msalaba ni ileile ya maji.
Leberecht hayumo.
Hamsini na nane hayumo. Sitini hayumo.
Siku ya tatu nikaanza kuwaza kwamba babu alitudanganya,
na kwamba nauli yangu imekwenda na maji.

Saa kumi na moja kasoro, Bwana Tjarks akaja kufunga.
Alisimama ng'ambo ya meza, akainamisha macho,
akausoma mstari nilioupita mara nne
nikidhani ni wino uliopenya kutoka ukurasa wa nyuma:

"Leberecht. Tarehe kumi na tisa Oktoba.
Mama, Dorothee Piepkorn, kijakazi wa zizini.
Baba."
Akanyamaza. Palikuwa na kistari tu.

Watoto wa namna hiyo, alisema, kasisi huyu
alikigeuza kitabu kabla ya kuwaandika.

Nikakipima kitabu kwa viganja. Kizito kama mtoto wa mwaka.
Mtu asiyekuwa na dakika ya kuivisha u kofia
alipata dakika ya kukinyanyua hiki, kukizungusha,
kuchovya kalamu, kukausha wino, kukizungusha tena.
Na humo, katika uneheliches, neno la waliozaliwa nje ya ndoa,
u ilivaa kofia yake sawasawa.

"Naruhusiwa?" nikauliza.
Akatikisa kichwa: ndiyo.
Nikakigeuza taratibu, kwa mikono miwili,
na Leberecht akasimama kwa miguu yake.
Mhunzi, seremala, mchungaji na kondoo wake
wote wakaning'inia.

Nikafungua daftari la Ottilie, baada ya keki ya plamu,
nikaandika kwa penseli, kwa hati yao, polepole,
na la kwanza nililoandika ni Dorothee.
D sikuwa nimewahi kuichora. Ilinitoka imepinda.

Saa ya ukutani ilishapita saa kumi na moja na robo.
Bwana Tjarks alikuwa dirishani, funguo mkononi,
akiitazama mvua kwa makini sana.