Mizigo

Jina lile nililitoa mimi,
kibandani kwa Mama Ngolo, Mwaloni Kirumba,
chai mkono huu, kitumbua mdomoni.
Wakapita watu saba kuelekea kituo cha polisi,
wamembebea Mazigo uji kwenye chupa.
Nikasema, "Mnaona? Mazigo na mizigo yake."

Kibanda kizima kikacheka.
Kufika adhuhuri jina lilishadandia magunia ya dagaa;
Jumapili likasikika Ukerewe,
na mwenyekiti akalipandisha jukwaani:
"Ushirika huu haubebi mizigo!"
Tukapiga makofi. Nilipiga.

Tulijua nini? Mizani ilipunja.
Karani wa mizani alikuwa Mazigo.
Hesabu ya vidole viwili.

Basi gunia la Mizigo likawa linapimwa mwisho,
jua limeshakausha hata ulimi.
Holo, mjane, walimwandikia M kubwa mlangoni kwa chokaa.
Hakuifuta.
Aliomba chokaa kwa jirani, akamalizia herufi zilizobaki
kwa mwandiko wake wa darasa la nne,
O ya mwisho imeangukia kwenye bawaba.

Masika mawili.

Ndipo fundi wa vipimo akaifungua mizani ile
akakuta risasi imechomelewa chini ya sahani,
na juu ya risasi rangi ya kijani,
ile ya zamani, iliyokwisha dukani
kabla Mazigo hajaajiriwa.

Leo kila mtu ni Mzigo.
Fulana zimechapwa, za bluu, kola nyeupe.
Wale saba, ukiwahesabu, wamefika mia nne;
kwa wote wanaodai waliishika,
chupa ile ya uji ingekuwa pipa.
Mazigo alitoka Butimba na meno pungufu,
akatutazama tulivyojipanga getini,
akamuuliza Holo polepole,
"Hawa ni wa timu gani?"

Mimi pia nilipewa fulana. Inanibana kwapani.
Jana nikaivua, nikamfuata Holo ufukweni Igombe,
akigeuza dagaa mchangani,
mawingu yameshika upande wa ziwani.
"Mama, jina lile," nikaanza, "nililitoa mimi."

Hakuinua uso.
"Tulikusikia. Ulikuwa na kitumbua mdomoni."
Akanisukumia reki kwa mguu.
"Anzia kule mwisho. Mvua hiyo."